Tupime Darasa, Tusimpime Mtoto

Haya ni maneno ya afisa wa afya ya umma alipozungumza na wazazi, walimu na wanachama wa bodi ya usimamizi wa shule moja ya msingi katika ukanda wa pwani, kabla ya vihisi kuwekwa madarasani. Tunayachapisha kwa kuwa shule nyingine nazo zimeanza kuuliza jambo hili. Jina la shule na ya watu tumeyaacha.

  

Najua leo ni siku ya soko. Sitawaweka sana. Lakini kuna mambo nataka tukubaliane hapa kabla kifaa hata kimoja hakijatundikwa.

Nianze na jina. Juma lililopita ujumbe ulipozunguka kwamba tunaleta "sensa" shuleni, baba mmoja alinipigia simu akauliza, "Kwani mlituhesabu 2019, mmeshasahau tuko wangapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Sensa ni ile ya watu. Hiki tunachokizungumzia ni kihisi. Ni kifaa kidogo, kama kipande cha sabuni, kinachohisi kitu fulani: joto, unyevu, vumbi, au hewa tunayoitoa tukipumua. Kisha kinaandika namba na saa. Kazi yake ni hiyo tu.

Wengine mmeuliza kaunti inatafuta nini katika shule ya msingi. Swali zuri. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, elimu ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti ina madarasa ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na huduma za afya. Hapa watoto wetu wa chekechea wako ndani ya ua huu huu, na hewa wanayovuta watoto wote ni jambo la afya. Ndiyo maana niko hapa. Lakini majengo haya si yangu kuyaamulia. Mwenye mkutano huu ni mwalimu mkuu na bodi, na ofisi ya elimu imearifiwa. Mimi nimealikwa kama mgeni.

Jambo lililotuleta

Mnalijua. Mchana, kuanzia saa nane, darasa la Gredi ya 5 linalala. Mwalimu anaandika ubaoni, akigeuka anakuta vichwa viko juu ya madawati. Wengine wanalalamika kichwa kinauma. Mwalimu anasema ni joto la mabati. Mzazi mmoja alisema ni njaa. Mwingine akasema ni watoto kukesha na simu za wakubwa. Na mimi nikaingia darasani, nikaona kitu cha nne: madirisha ya upande wa barabara yamepigiliwa mbao.

Nilipouliza, nikaelezwa. Mbao ziliwekwa baada ya madawati kuibwa, na pia kwa sababu barabara ni ya murram na kila lori likipita vumbi linaingia hadi mdomoni. Sababu zote mbili ni za kweli. Lakini ndani mna watoto 58. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unazungumzia chumba cha mita 7.5 kwa mita 6 hivi kwa wanafunzi wasiozidi 40 wakikaa wawili wawili kwenye dawati. Na unataka madirisha ya darasa yasiwe na nondo na yafunguke kwa urahisi.

Hapo nisimame kidogo. Kuna mambo hayahitaji kupimwa. Dirisha lililopigiliwa misumari ni hatari moto ukitokea, na hilo halingoji kifaa chochote. Tumekubaliana na bodi kwamba kabla ya kupima, fundi atang'oa misumari, atie bawaba na komeo la ndani, ili kila dirisha lifunguke kwa mkono wa mtoto na kufungwa shule ikitoka. Gharama yake ni ndogo. Wezi tutawashughulikia kwa njia nyingine.

Linalobaki ndilo gumu. Mwenyekiti ameniambia wazi kwamba pesa za ukarabati mwaka huu zinatosha kazi moja. Ama tutie dari katika darasa la Gredi ya 5, ama tutoboe madirisha mapya upande wa pili wa ukuta ili hewa ipite kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tukikosea, watoto wataendelea kulala mchana na pesa zitakuwa zimekwisha. Hapo ndipo vihisi vinapoingia.

Kosa nililolifanya mimi

Kabla sijawaambia tutafanyaje, niwaambie nilivyowahi kuharibu.

Miaka michache iliyopita, katika shule nyingine, nilipewa kifaa kimoja cha kupima joto. Nilikuwa na haraka. Nikakiweka kwenye ukingo wa dirisha la darasa moja, mahali palipokuwa na nafasi, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata nikarudi kukisoma: nyuzi 41, saa tisa alasiri. Nikaandika ripoti kwa ujasiri kabisa. Wazazi wakachanga, feni mbili zikanunuliwa, zikafungwa katika darasa lile.

Baada ya mwezi, mwalimu wa darasa la jirani akaniita kando. Aliniuliza swali moja tu: "Afisa, lile dirisha linatazama wapi?"

Lilikuwa linatazama magharibi. Saa tisa jua lilikuwa linaangukia moja kwa moja juu ya kifaa changu. Sikuwa nimepima darasa, nilikuwa nimepima jua. Darasa la yule mwalimu, lililokuwa na mabati yaliyochakaa na bila hata mwarobaini mmoja wa kulitia kivuli, sikuwa nimelipima kabisa. Tulipokuja kupima sawasawa, ndilo lililokuwa na joto zaidi. Lakini pesa zilikuwa zimeshatumika. Nilisimama mbele ya wazazi wale nikaomba radhi.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kilisoma vizuri kile nilichokiwekea. Kilichokosekana ni mpango. Fundi wa nguo hachukui utepe akaanza kukupima kiuno kabla hajakuuliza unataka kanzu au suruali. Mimi nilipima kwanza, nikauliza baadaye.

Swali kwanza

Kwa hivyo safari hii tumeanza na swali, na tumeliandika kwa maneno haya: "Mchana katika darasa la Gredi ya 5, tatizo ni joto linaloshuka kutoka kwenye mabati, au ni hewa isiyobadilishwa?" Swali likiwa wazi hivi, orodha ya vifaa inakuwa fupi.

Tutapima joto na unyevu, kwa sababu pwani yetu joto la nyuzi 32 lenye unyevu mwingi huumiza kuliko joto hilo hilo likiwa kavu.

Tutapima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Nje, penye hewa safi, iko zaidi kidogo ya sehemu 420 kwa kila sehemu milioni za hewa. Ndani ya chumba kilichojaa watu hupanda. Ikipita 1,000, wengi wanaofanya kazi hii huchukulia kwamba hewa ya chumba haibadilishwi vya kutosha. Elewani vizuri: kwa kiwango hicho hewa ya ukaa yenyewe si sumu. Ni dalili tu. Inatuambia kwamba mtoto anavuta tena pumzi iliyotoka kwa mwenzake, na pumzi hiyo hubeba mafua, na hubeba kifua kikuu pia pale penye mgonjwa. Kwa mtu wa afya, hiyo ndiyo habari.

Tutapima vumbi, kwa sababu tukifungua madirisha ya barabarani lazima tujue tumeingiza nini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema vumbi jembamba kabisa, lile linalofika ndani ya mapafu, lisizidi wastani wa maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku nzima. Lakini vihisi vya vumbi vya bei nafuu vina tabia moja: hewa ikiwa na unyevu mwingi, husoma tone la maji kama chembe ya vumbi. Kwa pwani hilo si jambo dogo. Kwa hivyo namba za vumbi tutazitumia kulinganisha wiki na wiki tu. Hatutasema shule imevuka kiwango cha dunia kwa kutegemea kifaa hicho.

Kelele hatutazipima. Bodi ililijadili na kuona kwamba kifaa cha sauti kitawatia watu wasiwasi, na swali letu halikihitaji. Barabara ikisumbua madirisha yakiwa wazi, mwalimu ataandika: "leo nimelazimika kupaza sauti." Inatosha.

Kuhusu kununua, mkumbuke mambo mawili. Kuna vifaa vinavyouzwa kwa jina la kupima hewa ya ukaa, na ndani havipimi hewa hiyo. Vinapima gesi nyingine kisha vinakisia. Mtu akipulizia marashi darasani, namba inapanda. Kinachofaa ni kile kinachotumia mwanga wa infraredi kupima hewa yenyewe. Pili, kwa joto, kuna kihisi cha bei ya chini sana kinachoweza kukosea kwa nyuzi 2, na kuna cha juu kidogo kinachokosea kwa nusu nyuzi. Baadaye mtaona kwamba uamuzi wetu unategemea tofauti ya nyuzi 2. Kifaa kinachokosea nyuzi 2 hakiwezi kutusaidia hapo, hata kiwe rahisi namna gani.

Mwalimu wa sayansi aliniuliza kama zile bodi ndogo za kufundishia kompyuta, micro:bit, zinafaa. Ni vifaa vizuri. Uingereza mwaka 2016 viligawiwa bure kwa watoto wa mwaka wa saba. Vina kihisi cha joto, lakini kiko ndani ya kichakato, kwa hivyo hupima joto la ubongo wake chenyewe, ambalo huwa juu kidogo ya lile la chumba. Watoto watumie kujifunzia. Pesa za dari tusiziamue kwa hicho.

Wapi, na lini

Tutakuwa na vifaa vinne. Kimoja Gredi ya 5, penye mabati matupu na madirisha upande mmoja. Kimoja Gredi ya 6, penye mabati matupu lakini madirisha pande zote mbili. Kimoja Gredi ya 4, lile darasa lenye dari, ambalo madirisha yake yako upande mmoja kama ya Gredi ya 5. Na cha nne nje, kivulini, chini ya upenu. Bila kile cha nje hatutajua kama joto la darasani ni la darasa au ni la siku. Na bila yale madarasa mawili mengine hatutajua kama dari au madirisha ndiyo yanayoleta tofauti.

Kabla ya kuvitundika, vyote vinne vitalala usiku mmoja juu ya meza moja katika ofisi ya mwalimu mkuu. Asubuhi tutaangalia kama vinasema kitu kimoja. Kimoja kikiwa juu ya wenzake kwa nyuzi moja, tutaandika, na tutaitoa nyuzi hiyo katika hesabu. Kazi hii haina gharama, na ndiyo watu wengi huiruka.

Ndani ya darasa, kifaa kitakaa kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, kimo cha kichwa cha mtoto aliyekaa, mbali na mlango, na angalau mita moja kutoka kwa mtoto wa karibu asije akakipulizia pumzi. Sitaki kusikia tena habari ya ukingo wa dirisha.

Kuhusu majira, nyinyi wenyewe mnajua kuliko mimi. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, ndipo joto linapotuchoma. Kusi ikishaingia, Juni na Julai, upepo hupoza. Tukipima Julai tutasema hakuna tatizo, na tutakuwa tumejidanganya. Kwa hivyo tutapima wiki mbili katika muhula wa kwanza, kaskazi ikivuma, na wiki mbili nyingine katika muhula wa pili kwa kulinganisha. Tutaepuka wiki ya mtihani na siku za michezo. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia kipindi hicho tutasogeza, kwa sababu ratiba na usingizi wa watoto wengi hubadilika, na jibu halitakuwa la siku za kawaida.

Kila kifaa kitaandika kila baada ya dakika 5. Hiyo ni mara 288 kwa siku. Vifaa vinne kwa siku 14 vinatupa mistari 16,128. Kijana mmoja wa kompyuta alinishauri tuandike kila sekunde, na hiyo ni mara 86,400 kwa siku kwa kila kifaa. Nikamuuliza ni nani atakayesoma. Hewa ya chumba haibadiliki kwa sekunde. Dakika 5 zinatosha, betri itadumu, na namba zitakaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu bila kuhitaji intaneti.

Wiki ya kwanza, walimu wafundishe kama walivyozoea, dirisha likifunguliwa au kufungwa kama kawaida yao. Wiki ya pili, madirisha yote yawe wazi kutoka asubuhi hadi kengele ya mwisho. Tofauti ya wiki hizo mbili ndiyo itakayosema.

Daftari

Sasa kitu ninachokithamini kuliko vifaa vyote vinne: daftari la kurasa 48.

Kihisi kitaniambia kwamba Jumatano saa nane na nusu hewa ilipanda ghafla. Hakitaniambia kwamba mvua ilinyesha wakafunga madirisha, au kwamba Gredi ya 6 waliletwa humo kwa sababu mwalimu wao alikuwa mgonjwa, wakawa watoto 110. Bila daftari, namba ni bubu. Kila kipindi mtu ataandika mambo matano tu: saa, idadi ya watoto waliomo, madirisha mangapi yako wazi, hali ya nje, na jambo lolote lisilo la kawaida.

Nani ataandika? Mwalimu ana kazi ya kutosha. Tumeomba wanafunzi wa Gredi ya 6 wafanye zamu, wawili wawili. Katika mtaala wa sasa, kuuliza swali, kupima na kueleza ulichokiona ni sehemu ya somo lao la sayansi, kwa hivyo hatuwaibii muda wa masomo. Na kabla ya siku ya kwanza kila mmoja ataandika anachokisia: darasa gani litakuwa na joto zaidi, na saa ngapi. Mtoto aliyekisia akakosa hujifunza jambo ambalo halisahau. Hata mimi nimekisia. Karatasi yangu iko katika bahasha ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mtoto na mwalimu walindwe

Mama mmoja aliniuliza, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi: "Hiki kitajua mwanangu anafanya nini?"

Mama, hapana. Kitajua chumba kina joto gani. Hakina kamera, hakina kinasa sauti, na katika daftari hakutakuwa na jina la mtoto, ni idadi tu. Lakini nafurahi umeuliza, na naomba muendelee kuuliza. Leo ni kifaa cha hewa. Kesho anaweza kuja mtu na kamera ya kuhesabu nyuso, au bangili ya kupima mapigo ya moyo, akasema ni ya utafiti. Hapo jambo limebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema data ya mtoto isishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na iwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Si mapambo hayo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja nchini faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo hata picha za watoto wakisoma vihisi hatutaziweka kwenye mitandao.

Walimu nao wana hofu yao, na wameniambia faraghani. Wanaogopa namba hizi zitageuzwa fimbo: "Darasa la fulani hewa mbaya, madirisha hafungui." Tumeandika katika mpango kwamba namba hizi hazitatumika kumpima mwalimu wala kuingia katika faili lake. Mwalimu akijua anachunguzwa, atafungua madirisha siku za kupima tu, na sisi tutakuwa tumepima hofu yake badala ya darasa.

Jambo la mwisho hapa ni dogo lakini tulifikirie. Namba za hewa zinaonyesha pia saa ambazo chumba hakina mtu. Tumeshaibiwa madawati. Kwa hivyo matokeo yatatolewa baada ya wiki mbili kwisha, hayatapeperushwa siku kwa siku. Kadi za kumbukumbu zitakaa kwa mwalimu mkuu, nakala moja kwa bodi, moja kwangu. Mwisho wa mwaka tutakubaliana ipi ihifadhiwe na ipi ifutwe.

Jibu litufanye nini

Sasa sehemu ninayoomba muisikilize hata kama mengine yamewapita.

Kabla hatujaona namba yoyote, tuseme kila jibu litatufanya tufanye nini. Tukingoja hadi namba zije, kila mtu atazisoma anavyotaka. Anayetaka dari ataona dari. Anayetaka madirisha ataona madirisha. Na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Bodi imependekeza hivi. Kama katika wiki ya pili, madirisha yakiwa wazi yote, hewa ya ukaa katika Gredi ya 5 bado inakaa juu ya 1,000 kwa zaidi ya nusu ya vipindi vya mchana, siku tatu au zaidi kati ya tano, basi madirisha yaliyopo hayatoshi. Pesa ziende kutoboa ukuta wa pili.

Kama hewa imeshuka chini ya hapo, lakini mchana Gredi ya 5 lina joto kuliko darasa lenye dari kwa nyuzi 2 au zaidi, basi madirisha ya bawaba yametutosha. Pesa ziende kwenye dari.

Kama vumbi la wiki ya pili limeongezeka maradufu kuliko la wiki ya kwanza wakati nje halikubadilika, tutasimama kwanza tuzungumze na ofisi ya wadi kuhusu mwendo wa malori na ua wa miti upande wa barabara, kabla ya kutoboa chochote.

Na kama chumba hakina shida yoyote kati ya hizi, watoto bado wanalala? Basi hatutatumia senti kwenye jengo. Tutarudi hapa kuzungumza kuhusu chakula cha mchana, maji ya kunywa na saa za kulala. Wale mliosema njaa, sijawasahau. Jibu la "si chumba" nalo ni jibu, na litakuwa limetuokolea pesa.

Mtaona sijawaahidi kwamba vihisi vitatibu usingizi. Havitibu. Vinatusaidia tusirudie feni zangu mbili.

Ninawaomba mambo matatu mkiondoka hapa. Someni rasimu ya mpango, imebandikwa ubaoni nje ya ofisi. Ni ukurasa mmoja. Mwenye pingamizi aliandike au amwambie mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa ijayo, na asione haya, kuuliza si ujinga. La pili, waambieni watoto wasikiguse kile kisanduku ukutani. Lakini mtoto akitaka kujua kinafanya nini, asikaripiwe. Apelekwe kwa wanafunzi wa zamu wamweleze. La tatu, mje siku ya matokeo. Namba tutazisoma hapa hapa, chini ya mwembe huu, na ile bahasha yangu tutaifungua mbele yenu. Nikiwa nimekosea tena, mtacheka, na mimi nitacheka nanyi.

 Sasa nipo tayari kwa maswali.